Gurudumu la Mbele Linalia: Muulize Dereva Kabla ya Spana

Mlio wa gurudumu la mbele una tabia ya kusikika mahali usipotoka. Dereva anaweza kuapa kwamba kelele iko upande wake, chini ya miguu yake, kumbe beringi iliyochoka iko upande wa abiria. Sababu yake haina uchawi. Gurudumu limefungwa kwenye habu, habu imebebwa na chuma kilichoshikana na mikono ya chini na shokapu, na vyote hivyo vimefungwa kwenye bodi. Sauti husafiri ndani ya chuma takriban mara 15 ya kasi yake hewani, kwa hiyo mtetemo ulioanzia kushoto hupita chini ya injini na kujitokeza popote penye bati jepesi la kulia nalo. Hii ndiyo sababu swali linaloulizwa kwanza karibu katika kila gereji, “unalia wapi?”, huleta jibu lisiloaminika. Swali lenye jibu la kuaminika ni jingine: unalia lini? Gari likiwa katika mwendo gani, likikata kona ya upande gani, breki ikikanyagwa au ikiachiwa, kwenye lami au kwenye makorongo? Majibu ya swali hili yakikusanywa kabla ya nati yoyote kulegezwa hupunguza watuhumiwa kumi wakabaki wawili au watatu. Tena mtu mwenye nafasi nzuri ya kuyakusanya ni dereva mwenyewe, kwa sababu fundi hulikuta gari limesimama, na gari lililosimama kwa kawaida limenyamaza.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wa kusini mwa Tanzania, na hasa kwa wanaoishi katika kata kama Chiwata wilayani Masasi, au juu ya uwanda wa Makonde kule Newala na Tandahimba. Spea isiyopatikana Masasi mjini itaagizwa Mtwara, na ikikosekana huko itatoka Kariakoo, Dar es Salaam, ikipakiwa kwenye basi. Anayeagiza spea isiyohusika na tatizo hapotezi bei yake tu. Anapoteza nauli ya mzigo, siku za gari kukaa juu ya mawe, na safari za msimu. Msimu wenyewe, wa korosho, ambao minada yake huchangamka kuanzia Oktoba, ndio wakati magari yanapofanya kazi kupita kiasi na ndio wakati fedha inapokuwapo mfukoni. Matokeo yake yanajulikana: malipo ya chama cha msingi cha ushirika yakishaingia, kila mlio unanunuliwa dawa mpya, hata ule uliohitaji kuondolewa kijiwe tu.

Barabara za huku zina mchango wao katika kuficha na kufichua. Kazi ya kuweka lami kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni ya miaka ya karibuni, na barabara nyingi za vijijini zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, bado ni za udongo: kichanga chekundu juu ya uwanda, changarawe na makorongo kwenye miteremko, na vile vibonde vidogo vilivyojipanga mfululizo ambavyo hulitikisa gari mpaka meno yagongane. Kwenye barabara ya namna hiyo, mvumo wa beringi hausikiki, kwa sababu barabara yenyewe ina kelele kuliko beringi. Gari linaweza kuzunguka vijijini miezi kadhaa likiwa na beringi mbovu bila mtu kujua, kisha likaingia kwenye lami ya kuelekea Ndanda na Mingoyo, na ghafla likaanza kuvuma. Dereva atasema gari limeharibika leo, au atalaumu matairi mapya. Kumbe ugonjwa ni wa zamani, ila sasa kuna ukimya wa kutosha kuusikia. Kinyume chake, viungo vilivyolegea, ambavyo kwenye lami hunyamaza kabisa, kwenye vibonde hugonga kama anayebisha hodi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kichwani, au kwenye karatasi, ni aina ya barabara ambayo mlio unapatikana na ile ambayo unapotea.

La pili ni uhusiano wa mlio na mwendo. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukitokea, utafute kwenye injini na vinavyozungushwa nayo, kwa kuwa gurudumu halikuzunguka. Usipotokea, endesha taratibu na usikilize kama unaongezeka kwa kufuata mwendo wa gari au kwa kufuata mngurumo wa injini. Hapa hesabu ndogo inasaidia sana. Gari dogo kama Toyota IST husogea kiasi cha mita 1.8 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hiyo ni mizunguko mitatu kwa sekunde. Kwa kilomita 60, ni mizunguko tisa. Mlio wa kugonga unaosikika mara tatu kwa sekunde katika mwendo wa 20, na unaozidi kwa kiasi kilekile mwendo unapoongezeka, unatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu: jiwe lililonasa katika mifereji ya tairi, tairi lililovimba, nati iliyolegea, diski iliyopinda. Mvumo usiohesabika, unaopanda mfululizo kama sauti ya ndege iliyo mbali, huelekeza kwenye beringi au kwenye tairi lililolika vibaya. Na mlio wa kugonga usiofuata hesabu yoyote, unaokuja tu gari likiangukia shimo, hauna habari na mzunguko. Huo ni wa viungo vinavyobeba gurudumu. Makundi haya matatu yanatenganishwa na sikio la mtu yeyote anayejua kuhesabu, wala hayahitaji cheti cha ufundi.

Beringi na tairi ndio mapacha wanaosumbua zaidi. Beringi ya gurudumu ni goroli zilizopangwa kati ya pete mbili za chuma kigumu, zikiwa ndani ya grisi, ili gurudumu lizunguke huku likibeba uzito bila chuma kusagana na chuma. Maji yakipenya kwenye sili yake, au mchanga laini ukiingia, njia ya goroli hupata vidoa na mashimo madogo, na kila goroli ikipita juu yake hutetemeka. Mitetemo hiyo kwa mamia katika sekunde ndiyo mvumo tunaousikia. Tairi nalo, likiwa limelika kwa mawimbi kwa sababu ya shokapu iliyokufa au magurudumu yasiyonyooshwa, huvuma kwa sauti inayofanana kabisa. Kuwatenganisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kona. Gari linapokata kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia, na likikata kulia hulalia ya kushoto. Mvumo ukizidi wakati wa kukata kushoto na kupungua wakati wa kukata kulia, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kipimo hiki kinafaa kufanywa kwa kuyumbisha gari kidogo kwenye barabara pana, tupu na kwa mwendo wa wastani, kamwe si kwenye kona za mteremko. Njia ya pili ni kuyahamisha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo ukihamia nyuma, mkosaji ni tairi. Ukibaki mbele, ni beringi. Njia hii ya pili inagharimu nusu saa na jasho, na imewaokoa wengi na ununuzi wa beringi wasiyoihitaji. Ni ajabu ilivyo nadra kufanywa.

Mlio wa kona una mtuhumiwa mwingine ambaye hana mvumo. Ni ule wa “ta-ta-ta” unaokuja usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho huku gari likivuta, kwa mfano linapogeuza uani au kutoka kwenye maegesho. Huo ni wa kiungo ambacho mafundi wanakiita sivijointi, kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu huku kikiliruhusu lipinde. Kiungo hiki kimefunikwa na raba iliyojaa grisi. Raba ikipasuka, grisi hutapikwa na mzunguko, mchanga unaingia mahali pake, na mchanga wa uwanda wa Makonde ni msasa mzuri sana. Ushahidi wake unaonekana kwa macho bila kufungua kitu: madoa ya grisi nyeusi yaliyorushwa ndani ya rimu na kwenye mkono wa chini. Raba iliyogunduliwa mapema, kabla ya mlio, hubadilishwa yenyewe na kiungo kikasafishwa na kupakwa grisi mpya. Ikishaanza kulia, kwa kawaida raba peke yake haisaidii tena. Lakini hapa dereva anapaswa kujua gari lake linavutwa na magurudumu gani. IST, Probox na Noah zilizotengenezwa kuanzia 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo sivijointi ziko mbele na zinaweza kushukiwa. Noah nyingi za kizazi cha kabla ya hapo, na Hiace nyingi zinazobeba abiria, husukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele hazina shafti wala sivijointi yoyote. Fundi anayekwambia sivijointi ya mbele ya Hiace ya namna hiyo imekufa anataka kukuuzia kitu ambacho gari lako halijawahi kuwa nacho.

Milio ya breki ndiyo inayotisha zaidi kwa masikio, ingawa mara nyingi ndiyo rahisi. Kwenye barabara za changarawe kuna kisa kinachojirudia: gari linatembea vizuri, ghafla mbele panalia kukwaruza kwa chuma, kwa sauti ya kukata maini, breki ikikanyagwa isikanyagwe. Dereva anasimama akiamini gurudumu linang’oka. Mara nyingi ni kijiwe kilichorukia kati ya diski ya breki na bati jembamba linaloikinga na vumbi. Kurudi nyuma taratibu mita chache wakati mwingine hukidondosha. Kisipodondoka, gurudumu hufunguliwa na bati likavutwa kidogo kwa mkono au bisibisi. Bei yake ni sifuri. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ya usiku, unaopotea baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu nyepesi juu ya diski na hauhitaji kitu. Ila mlio mwembamba, mkali, unaosikika gari likitembea na kubadilika breki inapoguswa, ni onyo lililowekwa makusudi na watengenezaji: pedi nyingi zina kijibati kinachogusa diski pedi inapobaki milimita chache. Mlio huo ukipuuzwa hufuatwa na mngurumo mzito wa chuma kusaga chuma, na hapo pedi za bei nafuu zinageuka kuwa pedi pamoja na diski. Ishara nyingine ni joto. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pamoja na harufu ya kuungua, kalipa, yaani kishikio cha pedi, imenasa na pedi haziachii.

Sasa tuje kwenye milio ya kugonga ya mashimoni, ambako fedha nyingi hupotea kwa sababu viungo ni vingi na vyote hugonga kwa lugha moja. Kuna linki ya stabilaiza, ambayo ni kijiti chenye vifundo viwili kinachounganisha gurudumu na fito ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kuna bushi za mkono wa chini, kuna boli jointi, yaani kifundo kati ya mkono wa chini na gurudumu, kuna tairodi endi, kifundo kati ya usukani na gurudumu, na kuna kikombe cha juu cha shokapu. Ni rahisi kusema “tubadilishe miguu yote”. Lakini barabara yenyewe inaweza kuvitenganisha. Fito ya stabilaiza hufanya kazi pale tu gurudumu la upande mmoja linapopanda na la pili kubaki. Yakipanda yote mawili pamoja, fito inazunguka bure na linki hazivutwi. Kwa hiyo pita polepole juu ya tuta la barabarani, magurudumu yote mawili yakilipanda kwa pamoja, kisha pita mahali ambapo upande mmoja tu unaingia shimoni. Gari likigonga kwenye shimo la upande mmoja na kunyamaza kwenye tuta, anza na linki, ambayo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa mbele ya gari. Likigonga kote kuwili, endelea na bushi, boli jointi na shokapu. Mlio wa kugonga unaotokea usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, kama wa springi inayojinyonga na kuachia, unaelekeza juu, kwenye kikombe cha shokapu. Na mlio mmoja tu wa kugonga, “ko”, kila unapoanza kukanyaga breki au kuondoka, mara nyingi ni bushi ya mkono wa chini iliyolika, ikiuruhusu mkono kwenda mbele na nyuma.

Kabla ya yote hayo, kuna jambo linalostahili kutangulia kwa sababu halina gharama na lina hatari kuliko yote: nati za gurudumu. Mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu, hasa siku moja au mbili baada ya kuziba pancha, unapaswa kumfanya dereva asimame papo hapo na kushika spana. Rimu iliyotolewa na kurudishwa, ikiwa na mchanga au kutu kati yake na habu, hujikalisha upya baada ya kilomita kadhaa, na nati zilizokuwa zimekaza zinabaki zimelegea. Kuzikaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100 ni kazi ya dakika tano. Lakini kukaza nako kuna kipimo. Magari madogo ya Toyota yanahitaji nguvu ya kilo kama 20 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya spana hiyo na kuruka, jambo linaloonekana kila siku kwa mafundi wa pancha, anaweka mara tatu na nusu ya hiyo au zaidi. Studi huvutika, na siku moja inakatika. Kukaza sana si kukaza vizuri.

Majibu ya lini yakishapatikana, ndipo gari linyanyuliwe, na kunyanyua kwenyewe kufanywe kwa adabu. Kichanga hakibebi jeki. Weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, vuta breki ya mkono, na usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini ulisukume na kulivuta kwa zamu. Lisipotikisika, sawa. Likitikisika, ni beringi au boli jointi, na hapa kuna mbinu inayomaliza ubishi: mtu wa pili akanyage breki huku wewe ukiendelea kutikisa. Breki ikishika, diski na habu vinafungwa pamoja na chuma kinachovibeba, na beringi haina nafasi ya kucheza tena. Mtikisiko ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boli jointi. Kisha lishike kushoto na kulia. Mtikisiko wa upande huo ambao haukuwapo juu na chini unaelekeza kwenye tairodi endi au kwenye usukani wenyewe. Mwisho, lizungushe gurudumu kwa mkono mmoja na ushike springi kwa mwingine. Beringi mbovu hupeleka mchakacho mwembamba kwenye springi, na vidole vinauhisi hata kama sikio halisikii kitu. Kwenye Land Cruiser za ekseli nzima ya mbele, zilizo nyingi kwenye mashirika na misheni, beringi za habu hukazwa kwa nati, kwa hiyo mtikisiko mdogo unaweza kuondolewa kwa kukaza na grisi mpya bila kununua beringi. Kwenye gari dogo la kisasa hakuna cha kukaza, beringi hubadilishwa.

Wapo watakaosema maelezo haya yote hayana haja, kwa kuwa fundi mzoefu akiendesha gari hatua ishirini tu anataja ugonjwa. Ni kweli wapo mafundi wa namna hiyo, na Masasi haiwakosi. Lakini ukiangalia anachofanya katika hatua hizo ishirini, utaona anakata usukani kulia na kushoto, anakanyaga breki na kuachia, anatafuta shimo makusudi. Anauliza lini kwa miguu na mikono yake badala ya mdomo. Uzoefu wake umefupisha maswali, haukuyafuta. Tena hatua ishirini hazifiki mwendo wa kasi ambao mvumo wa beringi husikika vizuri, wala hazina lami ndefu. Hapo hata fundi bora anamtegemea dereva aliyekuwa barabarani na kuweka kumbukumbu.

Wengine wanategemea mashine ya kompyuta inayochomekwa chini ya dashibodi. Mashine hiyo ni chombo kizuri kwa injini na gia, lakini inasoma tu kile ambacho kimewekewa sensa. Boli jointi haina sensa. Linki haina. Kijiwe kwenye diski hakina. Beringi iliyolegea sana inaweza kuyumbisha usomaji wa sensa ya breki za ABS na kuwasha taa, lakini beringi inayovuma tu haiwashi kitu. Kwa hiyo mashine ikisema gari halina kosa lolote, inachosema hasa ni kwamba hakuna kosa katika yale inayoyaona.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaosema: spea ziko mbali, basi agiza zote kwa pamoja, badilisha kila kilicho mbele, na umalize. Lina mantiki, na kwa baadhi ya vitu ni sahihi kabisa. Pedi za breki hubadilishwa pande zote mbili za ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande. Shokapu nazo vivyo hivyo. Anayeagiza linki moja kutoka Dar es Salaam akaiacha ya pili yenye umri uleule anajitafutia safari ya pili. Lakini kubadilisha beringi, sivijointi, boli jointi na mikono kwa mkupuo kwa sababu ya mlio mmoja kuna hasara mbili ambazo hazionekani kwenye risiti. Kwanza, spea mpya si lazima iwe bora kuliko iliyotolewa. Soko lina bandia zilizofungwa kwenye boksi zuri, na sehemu imara ya kiwandani ikitolewa ikawekwa bandia, gari limerudi nyuma. Pili, kila kazi inafungua mlango wa kosa jipya. Beringi inayoingizwa kwa nyundo badala ya kusukumwa kwa mashine hupokea mapigo kwenye goroli zake, na huanza kuvuma kabla ya kuzeeka. Mlio ukisikika tena baada ya vitu vinne kubadilishwa, hakuna anayeweza kujua kama ni ule wa zamani au ni mtoto aliyezaliwa gereji.

Na yupo anayesema gari bado linatembea, basi litembee. Huyu naye asibezwe; mwenye gari la biashara analijua deni lake. Anachohitaji ni kujua lipi linasubiri na lipi halisubiri. Linki ya stabilaiza inayogonga inaweza kusubiri malipo ya mnada ujao. Tairi lenye mvumo linaweza kusubiri, mradi lisiwe na uvimbe wala nyuzi zilizotokeza. Sivijointi iliyoanza kulia kwenye kona inasubiri kwa muda, ingawa ikikatika gari halisogei tena. Havisubiri hata siku moja: nati zilizolegea, boli jointi inayotikisika, tairodi endi yenye mchezo, beringi iliyoanza kutikisika badala ya kuvuma tu, na breki za chuma kwa chuma. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani haulielekezi tena. Hilo likitokea kwenye kichanga katika mwendo wa kilomita 20, ni hasara ya gari. Lakini kutoka Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda juu ya bonde lile linaloitwa Shimo la Mungu, barabara ya Masasi inashuka kwa mteremko hadi tambarare, na Hiace iliyojaa abiria na magunia haipaswi kuachwa ikabiliane na hatari hiyo. Stika ya ukaguzi kwenye kioo haibadilishi lolote hapa, kwani inaeleza hali ya gari siku ile ilipobandikwa.

Matengenezo yakikamilika, kipimo chake ni kulipeleka gari barabara ileile, kwa mwendo uleule na kona ileile ambako mlio ulikuwa ukipatikana, kabla ya kulipa salio. Kuzunguka gereji hakupimi kitu. Mwombe fundi pia spea ya zamani, na ni haki ya mwenye gari kupewa. Boli jointi iliyokufa hulegea na kuangukia upande wowote ukiitikisa, wakati nzima hukataa kupinda kirahisi kwa mkono. Linki mbovu hugonga kati ya vidole. Beringi ya mvumo, ukiizungusha taratibu karibu na sikio, hukwama na kuchakacha kama iliyotiwa mchanga. Na kama inazunguka kimya na laini kuanzia mwanzo hadi mwisho wa duara, basi hata kabla ya kuwasha gari unajua kwamba ile mbovu huenda bado imefungwa upande wa pili.